Asiyeondoka Haondolewi

Kahindi hakukosea. Naanza na hilo nilitoe kinywani, maana yeye mwenyewe hachoki kulisema, na kila akilisema hunitazama mimi. Hisa zilishuka, akasema zitapanda, na zikapanda. Mtu aliyekosea unaweza kumsamehe. Utamkalisha, utammiminia chai, naye atainamisha kichwa na mambo yataisha. Lakini aliyekuwa sawa utamfanya nini? Mbele ya Mama tu ndipo halisemi, na sababu yake nitaifikia.

Ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Wakati huo alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kule Liwatoni, mtu wa mikono baridi na kichwa kigumu. Mimi, Everlyne, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakala wa forodha karibu na bandari. Tulizaliwa Majengo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ujia katikati, paa la mabati na baraza mbele. Kwenye baraza hilo Mama aliuza mbaazi na mahamri kila asubuhi tangu mimi sijaota meno. Watu walitoka Tononoka kuja kunywa chai kwake. Wengine hawakujua hata jina la barabara, walijua "kwa Mama Kahindi" tu.

Nyumba ilikuwa yetu. Ardhi haikuwa yetu. Mgeni akifika Mombasa hulishangaa jambo hili, ila sisi tumezaliwa nalo: kuna mwenye kiwanja na kuna mwenye nyumba, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya kukalia udongo wake. Siku mwenyewe akitaka mahali pake, unaezua mabati yako, unang'oa milango yako, unabeba boriti zako, unamwachia mchanga wake. Juu kwenu, chini kwetu, ndivyo wenye viwanja wanavyosema, na husema kwa upole kabisa.

Baba yetu, Mzee Fondo, alikuwa dereva wa winchi bandarini. Alijenga juu ya kiwanja cha ukoo mmoja wa Kibokoni. Kila mwezi mzee aitwaye Chonga alikuja na baiskeli kuichukua kodi ya wenyewe, na kila mwaka, Idd ikishapita, aliongeza maneno: "Mwenyewe asema mjitayarishe. Anataka mahali pake." Baba hakushtuka. Alimpa kodi, akampa chai na mahamri, wakaongea habari za meli. Chonga alipanda baiskeli yake akaenda zake, nasi tukabaki tulipo mpaka Idd nyingine. "Asiyeondoka haondolewi," Baba alituambia. Majirani waliotishika na kuhamia Kisauni walirudi kututembelea, wakatukuta palepale tukinywa chai, wakajuta. Kwa hiyo tulikua tukiamini kwamba tishio ni upepo, na mwenye makalio mazito ndiye mshindi.

Hata hivyo Baba hakuwa mjinga. Alipostaafu alitaka kukinunua kile kiwanja, alale usingizi wa mtu mwenye chake. Kiinua mgongo hakikutosha. Benki haimkopeshi mtu mwenye nyumba isiyo na ardhi. Ndipo Kahindi akaja na habari ya hisa.

Kampuni ilikuwa Nairobi, ikiitwa Radi Mawasiliano. Iliuza peja, vile vidude vya kuning'iniza mshipini, vinavyolia na kukuonyesha nani anakutafuta na ana neno gani. Tena ilikuwa inaanza kuunganisha maofisi na Intaneti, jambo ambalo mwaka ule wa tisini na tano hata aliyelieleza hakulielewa. Kahindi alisema pesa zikikaa benki hulala, ila zikiwa Radi zitakimbia, na zikikimbia zitakifikia kiwanja. Baba alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo nilimnong'oneza mimi: cheti kiandikwe majina yetu mawili, langu na la Kahindi, na kisiuzwe bila sahihi zote mbili. Nilimjua kaka yangu. Kwamba kufuli hilo lingekuja kunifungia mimi nje, hilo sikulijua. Baba alifariki mwaka uliofuata, akiamini kiwanja kiko njiani kinakuja.

Na Radi ilikimbia kweli, sitamnyima haki yake. Kufikia katikati ya mwaka wa tisini na saba hisa zilikuwa zimepanda mara tatu. Zilitosha kiwanja na zikabaki. Kahindi alijinunulia peja akaivaa hata kanisani. Nani alikuwa akimtafuta? Hakuna. Mara mojamoja nilimpigia mimi kutoka ofisini, ili ilie mbele za watu, naye aitazame kwa kukunja uso kama waziri. Nilimwambia tuuze. Akasema tungoje kidogo, tupate kiwanja na nyumba ya mawe juu yake. Nami, niseme kweli, nilinyamaza nikaanza kuota vigae.

Kisha mwaka ukaharibika. Agosti kulizuka machafuko Likoni, watalii wakakimbia, mahoteli yakarudisha peja kwa makatoni. Mvua za El Niño zikaja, zikabeba madaraja, zikakata barabara ya Nairobi, zikaangusha minara ya Radi mmoja baada ya mwingine. Wa Mombasa ulilala chali, na peja zote za mji zikanyamaza. Gazeti likaandika kwamba mhasibu mkuu wa kampuni amejiuzulu, na hakuna aliyesema kwa nini. Bei ikateremka mpaka nusu, ikapita nusu ikiteremka. Ofisini kwetu tulizitia peja ndani ya boksi pamoja na riboni kuukuu za taipureta. Kahindi aliendelea kuivaa yake, imekufa vilevile, na bado aliipangusa kwa kitambaa.

Idd ya mwanzo wa tisini na nane ilipopita, Chonga hakuja na yale maneno yake. Tuliitwa Kibokoni, mimi na Kahindi, na Bwana Mahfudh mwenyewe.

Tulimkuta barazani kwake, kofia ya kiua kichwani, miwani mezani. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba, wanangu. Ketini. Mama yu hali gani?"

"Mama hajambo, Mzee."

"Na mbaazi zake?"

"Zipo."

"Alhamdulillahi." Aliagiza kahawa, ikaja katika vikombe vidogo, na halua. Alingoja tunywe. Kisha akasema, "Nimewaita niwambie kwa kinwa changu, nisimtume mtu. Kile kiwanja si changu peke yangu. Tu ndugu wengi twakirithi, na walio Arabuni wataka fungu lao. Mimi sina ndia. Kuna mtu ataka kujenga ghala pale, na pesa anazo. Lakini nimeanza na nyinyi, kwa kuwa baba yenu alikuwa mtu wa haki. Mukiweza, kichukueni nyinyi. Nawangoja mpaka Mfungo Tatu, mwezi wa Idd ya kutinda. Mukishindwa musinilaumu. Yuu ni kwenu, tini ni kwetu."

Akataja bei. Nilipiga hesabu kichwani kabla hajafunga mdomo. Tukiuza hisa kwa bei ile ya majuto, zingetosha kiwanja na ada ya wakili. Nyumba ya mawe hakuna, vigae hakuna, lakini Mama angeuzia mbaazi juu ya udongo wake. Nilitaka kumbusu yule mzee mikono.

Kahindi alimshukuru kwa adabu zote. Tulipopinda kona ya kwanza akaangua kicheko.

"Umemsikia? Mjitayarishe, nataka mahali pangu! Tofauti ni kwamba leo tumepewa halua."

"Kaka, leo ametaja mnunuzi."

"Mnunuzi hutajwa kila mara kitu kinapotaka kuuzwa ghali. Baba angempa mahamri mawili na habari ikaisha."

"Hakutuma Chonga. Ametuita mwenyewe."

"Amezeeka, anataka watu wa kuongea nao."

Nilimtazama nikaona hana mzaha. Alikuwa mchangamfu kabisa, peja yake mfu ikining'inia mshipini.

Mwezi ulipokwisha Chonga alikuja na baiskeli kama kawaida. Mama alitoka na kodi mkononi. Yule mzee akarudisha mikono nyuma.

"Mama Kahindi, nimeambiwa nisipokee."

"Usipokee kwa nini? Ni haba?"

"Si haba. Nimeambiwa nisipokee." Alikunywa chai yake amesimama, akaacha hamri moja sahanini, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaondoka.

Jioni Mama alipomweleza Kahindi, kaka yangu alipiga makofi. "Mnaona sasa? Wametusamehe kodi! Wameona mvua zilivyotutesa, wakaona haya. Na nyinyi mlitaka tukimbie."

Niliinuka nikamkabili. "Wewe mtu una akili timamu? Mwenye kiwanja akipokea kodi amekukubali mwezi mwingine. Akikataa kodi amekukataa wewe. Kila mtoto wa Majengo analijua hilo!"

"Baba alikaa miaka yote akitishwa."

"Baba alikuwa akipokelewa kodi!"

Mama alizifunga zile noti pindoni mwa leso yake, akakaza fundo kwa meno. Alifanya vivyo hivyo mwezi uliofuata, Chonga alipokataa tena.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikukalika. Tuligombana tukila, tukiwa tumesimama ujiani, na mpaka bombani mbele ya majirani. Nikasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Akasema mvumilivu hula mbivu. Nikasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema haraka haraka haina baraka. Mababu zetu walituachia methali za kutosha kila mjinga, na Kahindi alikuwa na zake zote mfukoni.

Na alikuwa na hoja, hapo ndipo palipokuwa na uchungu. "Sikiliza, Everlyne. Mnara umeanguka, haukufa. Mafundi wa Radi wako Changamwe sasa hivi, nimewaona kwa macho yangu wakichimba msingi mpya, saruji si haba. Kampuni inayokufa haichimbi msingi. Kule Liwatoni maajenti wa meli wanauliza kila siku peja zitarudi lini. Hawajanunua kitu kingine, wanazingoja. Ukiuza leo unampa mtu wa Nairobi jasho la Baba kwa bei ya mtumba, halafu miezi sita baadaye unamsoma gazetini amenenepa."

"Mhasibu amekimbia."

"Mhasibu mmoja! Hata hapo ofisini kwenu wahasibu wangapi wamekimbia, na meli zinashusha."

"Ofisini kwetu peja ziko kwenye boksi."

"Wamezitupa?"

Nilisita. Hawakuwa wamezitupa. "Hilo si neno," nikasema. "Hata zikipanda mpaka mbinguni. Mimi sibishani nawe kuhusu Radi. Baba alinunua karatasi ile kwa ajili ya kiwanja. Kiwanja kimetajwa bei, karatasi inatosha. Umeambiwa embe limeiva, unataka ulichume lini, mpaka lioze?"

"Kwa sababu tukiuza sasa tutakuwa na udongo na vibanzi vya mabati juu yake maisha yetu yote."

"Udongo wetu!"

"Udongo tunao. Asiyeondoka haondolewi."

Nilimrushia mwiko. Haukumpata. Ningependa kusema nilijuta, lakini nilijuta tu kwamba haukumpata.

Nilimburuta kwa wakala wa hisa, kijana aitwaye Kenneth, aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja Moi Avenue, na feni iliyovuma kuliko ilivyopuliza. Nilitaka kujua kama naweza kuuza nusu yangu. Kenneth alikigeuza cheti mbele na nyuma, akatabasamu tabasamu la mtu anayelipwa ukiuza na anayelipwa ukinunua.

"Dada Everlyne, cheti ni kimoja na majina ni mawili. Bila sahihi ya Bwana Kahindi hapauzwi hata hisa moja. Hata kukigawa kunataka sahihi yake."

Nilimsogezea Kahindi kalamu. Aliitazama kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza.

"Wewe ungeuza?" akamwuliza Kenneth.

"Mimi sishauri. Lakini waliouza mwezi jana wanauliza bei kila siku."

"Ehe!" Kahindi akanigeukia. "Umesikia?"

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, Kaka. Tia sahihi."

"Sitii."

"Mama akilala nje?"

"Mama hatalala nje. Acha kumtisha mtu kwa mama yake."

Tulitoka, yeye akashika njia yake nami yangu. Kuanzia hapo hatukusemezana. Tulikaa nyumba moja, tukala sinia moja, na kila neno likapitia kwa Mama.

"Mama, mwambie mwanao Mfungo Tatu ndio huu."

"Mama, mwambie mwanao nasikia."

"Mwambie mnunuzi amekuja na mtu wa kupima. Wamepigilia vigingi mpaka jikoni."

"Mwambie kupima si kununua."

Mama aliendelea kumega sima. Jioni moja alichoka. Aliosha mikono, akatutazama kwa zamu. "Mimi karatasi zenu sizijui," akasema. "Sijui zinapanda na nini wala zinashuka na nini. Ninachojua, baba yenu aliniambia: Mama Kahindi, kodi yako ya mwisho watakuja kuilipa watoto. Basi nangoja." Kisha akaenda kuloweka mbaazi za kesho.

Nilidhani maneno hayo yangemvunja. Nilimwona Kahindi akishusha macho, na kwa kitambo kidogo mkono wake ulishika ile peja, ukaizungusha. Kesho yake alirudi kutoka kazini kwa kupitia Changamwe, akatuletea habari kwamba mnara umesimama hadi nusu. Alimwambia Mama aniambie mimi. Nilimwambia Mama amwambie aende akalale huko mnarani.

Nilikwenda Kibokoni peke yangu kuomba muda. Bwana Mahfudh alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mimi ningewangoja hata mwaka," akasema. "Lakini ndugu zangu wanipigia simu. Ngoja nikupe mpaka mwezi uandame." Alinipa siku zilizobaki za Mfungo Tatu, na niliona zinamgharimu. Kahindi nilimpelekea habari hiyo mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikavunja kimya changu na kiburi changu pamoja. Nilimfuata mpaka Liwatoni, kwenye kile chumba chao cha barafu ambamo watu huongea moshi ukiwatoka puani.

"Nakuomba," nikamwambia. Sijawahi kumwomba kitu tangu utotoni. "Si kwa ajili yangu. Uza, tukinunue kiwanja, halafu unitukane maisha yangu yote kwamba niliuza mapema. Nitakubali. Nitawaambia watu wote Kahindi alikuwa sawa."

Alifuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kwa kidole.

"Mnara umeisha," akasema. "Wanangoja mashine moja tu. Wiki mbili. Nipe wiki mbili, na nyumba ya mawe nitakujengea na chumba chako."

"Kiwanja hakina wiki mbili."

"Kimekuwa na miaka thelathini."

Mwezi uliandama. Chonga alikuja bila baiskeli, kwa miguu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa. Mwenye ghala alikuwa amewapa watu wa juu, sisi wenye nyumba, muda wa kuondoa vyao mpaka mwisho wa Mei. Chonga alilia, mimi nikalia, na Mama akamletea kiti. Kahindi alisema ni tishio. Alilisema hilo hata trekta ilipokuja kuchimba kwa jirani yetu wa kulia. Aliacha kulisema siku walipoweka alama ya chokaa kwenye baraza la Mama.

Siku ya kuezua, manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi. Juu ni kwenu, basi tulichukua juu. Mafundi wawili walikuwa wakiteremsha mabati, na Kahindi alikuwa nao huko, maana mtoto wa kiume hawezi kukaa chini watu wakiezua nyumba ya baba yake. Mlango wa mbele tulikuwa tumeshaung'oa, umeegemezwa ukutani. Mama alikaa juu ya sufuria yake kubwa ya mbaazi, kaigeuza kifudifudi, leso imemfunika kichwa. Wateja wake walipita wakamwamkia, wakasimama kidogo, wakaenda.

Hapo ndipo ilipolia.

Mwanzo sikuitambua. Nilidhani ni ndege. Kisha nikamwona Kahindi kule juu, ameshika bati kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukipapasa mshipini. Peja iliyokufa tangu El Niño ilikuwa inalia. Aliisoma. Akaliachia bati, likateleza likaanguka uani kwa kishindo, nusura limkate fundi.

"Imepanda!" akapiga kelele. "Ni Kenneth! Kampuni ya Ulaya imenunua fungu! Imepanda, imepita ya mwaka jana! Mama! Everlyne! Nilisema! Nilisema au sikusema?"

Mtaa mzima ulimsikia. Alikuwa amesimama juu ya boriti tupu, mvua inampiga, anacheka, na kwa mara ya kwanza tangu tuache kusemezana aliniita jina langu. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na namwambia Mungu hivyo hivyo kila nikisali, sina la kuficha.

Aliteremka ngazi mbilimbili. "Tunakinunua! Kiwanja hiki hiki! Acheni kuezua! Everlyne, niletee shati." Sikumletea. Akatoka mbio vivyo hivyo, kutu ya mabati mwili mzima, kuelekea Kibokoni. Mafundi walinitazama.

"Tuache, dada?"

"Endeleeni," nikasema.

Waliendelea. Aliporudi hapakuwa na bati hata moja. Alitembea taratibu, na mtu wa barabarani angedhani ametoka kuzika. Alisimama pale ambapo mlango ulikuwa, kwa mazoea, kana kwamba anangoja kukaribishwa ndani ya nyumba iliyojaa mvua. Hatukuhitaji kumwuliza Bwana Mahfudh amesemaje. Mtu akishauza ameuza.

"Tutanunua kwingine," akasema. "Kisauni. Kikubwa zaidi. Mama, zimetosha. Zimetosha na zikabaki."

Mama alinyanyuka juu ya sufuria yake. Alilishika pindo la leso, akalifungua lile fundo kwa meno, maana lilikuwa limekaza. Zile noti zilikuwa zimelowa na kushikana. Alizitenganisha moja moja, akazinyoosha juu ya kiganja.

"Hizi ni kodi walizozikataa," akamwambia. "Chonga hakuzitaka, na mimi sina tena udongo wa kuulipia. Shika, mwanangu. Kanunue hisa. Nasikia zimepanda."

Hakuwa na hasira sautini. Alizungumza kama anayempa mteja chenji. Kahindi alinitazama mimi, nimwokoe. Nikageuza uso.

Alizipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mzazi, akasimama nazo hivyo hivyo. Peja ikalia tena mshipini mwake. Ililia mpaka ikanyamaza yenyewe, na mikono yake ilikuwa imejaa.